Maneno ya Mwaka 1967

Mtu atakaye kusimulia habari za Tanzania ya mwaka 1967 hukuta mambo mengi yakimngoja mlangoni, na kila moja ladai litangulizwe. Azimio la Arusha ni la mwaka huo. Kutaifishwa kwa mabenki ni kwa mwaka huo. Elimu ya Kujitegemea, Ujamaa Vijijini, sensa ya kwanza ya nchi nzima tangu Muungano, mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, makubaliano ya kujenga reli ya kwenda Zambia, na sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, yote yalitukia katika miezi 12. Vitabu vya shule huyapanga mambo hayo kama magunia ghalani, kila gunia na tarehe yake mgongoni, na mwanafunzi huyakariri hivyo hadi siku ya mtihani. Nami nilisoma hivyo, nikafaulu, na baada ya muda nikayasahau karibu yote.

Kilichonirudisha katika mwaka huo ni kazi ya ofisini. Nilitumwa kupanga masijala ya zamani ya wilaya moja, ambamo majalada mengi yalikuwa yameanza kuliwa na mchwa. Jalada moja lilihusu kisima cha kijiji. Barua zake za mwaka 1965 na 1966 ziliandikwa zote kwa Kiingereza, ijapokuwa aliyeziandika alikuwa Mtanzania, aliyeandikiwa alikuwa Mtanzania, na watu waliokuwa na kiu wasingeweza kusoma hata mstari mmoja. Ghafla, katika barua za mwaka 1967, mambo yanageuka. Karani amekata kwa wino neno la Kiingereza lililopigwa chapa juu ya karatasi, na kando yake ameandika "Kumb." Chini kidogo ameandika "Yah." Mpokeaji anaitwa Ndugu. Mwendo wa barua yenyewe ni wa mtu asiye na hakika: anaanza kwa Kiswahili, akifika kwenye hesabu za fedha anakimbilia Kiingereza, kisha anarudi. Nilikaa na jalada lile kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa. Nikaona ya kuwa mwaka ule, pamoja na mengine yote, ndipo Serikali ilipoanza kusema na nafsi yake kwa lugha ya watu inaowatawala.

Mabadiliko ya karani yule hayakuwa mapenzi yake tu. Mapema mwezi wa Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitoa agizo kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na kwamba kutumia Kiingereza pasipo sababu kukome. Wizara, halmashauri za wilaya, vyama vya ushirika na mashirika ya umma, wote walipaswa kutii. Wiki chache baadaye likaja Azimio.

Hapana budi kukumbuka hali iliyolizaa Azimio hilo. Mwaka 1965 Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikuwa imeondoa sehemu ya misaada yake kwa ugomvi uliohusu ofisi ya kibalozi ya Ujerumani ya Mashariki. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa ukitazamiwa ukazuiwa. Mpango wa maendeleo uliotegemea fedha za nje ukaonekana kuwa nyumba iliyojengwa juu ya ahadi za jirani. Kisha, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Walilalamikia mishahara watakayokatwa. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mitaani watu walikuwa wamekwisha kupata maneno ya kuwacheka wakubwa wapya: waliwaita wabenzi, na hali yenyewe wakaiita naizesheni. Dhihaka ya namna hiyo haiji bure. Wananchi walikuwa wameona kwamba kiti cha mkoloni kimepata mkaaji mwingine, na kiti hakijahama.

Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari, na Azimio likatangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari. Jambo moja kuhusu Azimio halisemwi vya kutosha madarasani. Lilijadiliwa kwa Kiswahili na kutolewa kwanza kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata, nayo haikuwa sahihi mahali pote, hata ikabidi itolewe tena baada ya kusahihishwa. Msomaji na apime uzito wa jambo hilo. Tangu kuja kwa wakoloni, na hata miaka kadhaa baada ya Uhuru, maneno makubwa ya nchi yalizaliwa kwa Kiingereza, kisha Kiswahili kikaletewa tafsiri kama mtoto anayeletewa makombo. Safari hii wageni ndio waliongoja tafsiri, na mkulima wa Singida aliyesomewa gazeti alikuwa na asili yenyewe.

Mtunga mashairi haachi kusikiliza sauti za maneno. Kuazima ni kuchukua cha mwenzio kwa nia ya kurudisha. Kuazimia ni kukata shauri. Sauti hizo zimekaribiana mno, na hati ile iliyowaonya watu wasiweke tumaini lao katika fedha za kuazima ikaitwa Azimio. Sidhani kwamba waliopo Arusha walikusudia mchezo huo, lakini Kiswahili kiliwafanyia.

Neno lililochoma zaidi lilikuwa miiko. Azimio lilitaka kila kiongozi wa TANU na wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika makampuni. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Kiongozi hakuwa waziri na mbunge peke yao. Watumishi wa Serikali wa vyeo vya kati walihesabiwa pia, na mume na mke walihesabiwa pamoja. Wananchi waliyaita masharti hayo miiko ya uongozi, na walijua walisemalo. Mwiko hutolewa na mganga pamoja na dawa: usile hiki, usivuke kile, muda wa kuwa katika tiba. Anayeuvunja haogopi askari. Anajua kwamba dawa haitafanya kazi. Kwa neno hilo moja uongozi uligeuzwa kuwa hali ya mtu aliye katika tiba, ambaye ndugu na majirani wote wana haki ya kumtazama anakula nini. Tafsiri ya Kiingereza inazungumza juu ya kanuni, na kanuni ni kitu cha wanasheria.

Miiko hiyo haikuwa nyepesi kwa kila mtu. Bibi Titi Mohamed, ambaye tangu mwaka 1955 aliwahimiza wanawake wa Dar es Salaam kwa maelfu waingie TANU, hakukubaliana na sharti la nyumba, akajiuzulu Kamati Kuu. Mimi siwezi kumhesabu pamoja na mabepari. Kwa mwanamke wa mjini asiye na shamba wala malipo ya uzeeni, vyumba viwili vya kupangisha Kariakoo vilikuwa ndiyo pensheni. Azimio lilimtazama mwenye vyumba viwili na mwenye majumba ishirini kwa jicho moja. Wengine hawakujiuzulu, walitafuta majina ya watoto na shemeji wa kuandikishia mali. Maswali yaliyomfikia Mwalimu juu ya habari hizo yalikuwa mengi kiasi cha kumlazimu atoe majibu kwa maandishi mwaka huohuo.

Tarehe 6 Februari, siku moja tu baada ya Azimio kutangazwa, mabenki yote ya binafsi yalitaifishwa, na mahali pake ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Yalifuata makampuni makubwa ya biashara ya nje, mashine kubwa za kusaga unga, shughuli za bima, na sehemu ya hisa katika viwanda na mashamba ya mkonge. Mabenki ya Kiingereza yaliwaondoa wataalamu wao, na vijana wa Kitanzania wenye uzoefu mdogo wakabaki na funguo na vitabu vya hesabu. Mabenki hayakufungwa. Neno kutaifisha lilikuwa limekaa kimya katika tumbo la neno taifa likingoja siku yake, na siku ilipofika hata mtoto wa darasa la nne alilielewa bila ya kufafanuliwa. Matembezi na maandamano ya kuunga mkono Azimio yakaenea nchi nzima. Mwezi wa Oktoba Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa maili zaidi ya 130, kwenda katika Mkutano Mkuu wa TANU. Katika matembezi ya vijana yaliyofanyika mwaka ule, kijana mmoja alifia njiani.

Kwa walimu na wanafunzi, mwezi wa Machi ndio unaowahusu hasa. Kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea kiliwekwa mbele ya taifa kwa hesabu kavu. Mwaka 1961 watoto wapatao 490,000 walikuwa katika shule za msingi, na mwaka 1967 walikuwa wamefika kama 825,000. Sekondari zilikuwa na wanafunzi 11,832 mwaka 1961, zikafikia kama 25,000. Palikuwa na maendeleo, bila shaka. Hata hivyo, kati ya watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kama 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari, ilhali masomo ya wote 100 yalipangwa kana kwamba kila mmoja anakwenda huko. Mwalimu aliuliza: hao 87 tunawafanya nini, na kwa nini tumewafundisha kwamba wameshindwa? Hapo ndipo jembe lilipoingia shuleni, na mashamba ya shule, na kuku na bustani. Wengi wetu tuliosoma miaka iliyofuata tunakumbuka jembe kuliko hoja. Shule nyingine ziligeuza kazi ya mikono kuwa adhabu ya wachelewaji, jambo ambalo kijitabu kile hakikulikusudia hata kidogo.

Wakati huohuo Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Wale 87 wangepata elimu yao kwa lugha wanayoota nayo ndoto. Wale 13 wangevuka kwenda Kiingereza. Kwa hiyo mpaka uliokuwa kati ya waliochaguliwa na wasiochaguliwa ukawa pia mpaka wa lugha, na mwaka uliovunja kuta nyingi ukauacha ukuta huo umesimama. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari, na pendekezo hilo halikukubaliwa. Kwa miaka mingi baadaye mwalimu wa historia wa sekondari alilieleza Azimio la Arusha, lililozaliwa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha tafsiri. Wanafunzi walikariri.

Mambo mengine ya mwaka ule nayapitia kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo. Tarehe 6 Juni marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Ukaanza kazi tarehe 1 Desemba, makao yake yakiwa Arusha, na Jumuiya hiyo ikavunjika mwaka 1977. Mwezi huohuo wa Juni Oscar Kambona, aliyekuwa Katibu Mkuu wa TANU na mmoja wa watu wa karibu kabisa na Mwalimu, alijiuzulu, na mwezi uliofuata akaondoka nchini. Hakurudi mpaka mwaka 1992. Septemba, huko Peking, China ilikubaliana na Tanzania na Zambia juu ya reli ambayo mabwana wa Magharibi walikwisha kusema haina faida. Ilikuja kujengwa kuanzia mwaka 1970, kilomita 1,860. Na usiku wa tarehe 26 Agosti watu walihesabiwa. Sensa ya Tanganyika ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1957 na ya Zanzibar 1958, kila upande peke yake, chini ya mkoloni. Safari hii walipatikana watu zaidi ya milioni 12.3 katika nchi moja, Zanzibar ikiwa na kama 355,000 kati yao.

Asilimia kubwa ya hao waliishi mashambani, kila mmoja na kihamba chake au shamba lake la kuhamahama, na kwa ajili yao ulitolewa, mwezi wa Septemba, waraka wa Ujamaa Vijijini. Sina budi kukaa hapa kidogo. Waraka ule ulisimama juu ya neno hiari. Watu washawishike kwa kuona, waanze wachache, washirikiane kidogo kidogo, wakiridhika waongeze. Mwalimu alikuwa na mfano hai wa hiari hiyo. Litowa, karibu na Songea, vijana wa TANU walikuwa wameanzisha kijiji cha ushirika tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru, na kutoka hapo kikakua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, chenye vijiji kadhaa, shule yake yenyewe, na mikutano ambamo wanakijiji waliamua mambo yao kabla wakubwa hawajaamua. Mwaka 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU. Kuanzia mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na katika mikoa kadhaa watu walipakiwa malorini na nyumba zao za zamani zikachomwa moto ili wasirudi. Neno ujamaa likabaki lilelile katika mabango. Neno hiari likadondoka njiani bila ya mtu kutangaza msiba wake.

Laiti waraka ule ungeandikwa kwa Kiingereza tu, jambo hilo lingepita pasipo shahidi. Lakini wazee walikuwa wamesomewa kwa lugha yao, nao walijua kwamba waliambiwa hiari.

Na walisomewa kwa njia nyingi, kwa kuwa watu wazima walio wengi hawakujua kusoma. Redio ilifanya kazi kubwa. Washairi nao walitumwa, au tuseme waliombwa. Chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilibeba siasa mpya kwa ngonjera, mashairi ya majibizano yanayoigizwa na watu wawili au zaidi, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Mathias Mnyampala wa Dodoma, mtumishi wa Serikali kama mimi, ndiye aliyeipa ngonjera umbo tunalolijua; alifariki mwaka 1969, na ngonjera zake zikachapishwa baada ya kifo chake. Wahakiki wa baadaye walizibeza wakisema ni siasa iliyotiwa vina. Kweli nyingine ni hivyo. Hata hivyo ngonjera inamlazimu mtunzi ampe mpinzani kinywa. Yule mjinga, mvivu au bepari anayeshindwa mwishoni amekwisha kusema hoja yake mbele ya watu, na nimewahi kuona ukumbi wa shule ukimpigia makofi yeye.

Sheria Namba 27 ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ili lugha iliyopewa kazi hiyo kubwa ipate mahali pa kunolewa. Ofisi zilikuwa zikiomba maneno kama watu wanavyoomba mbegu mvua ikianza. Kazi ya kuyatafuta ilikuwa imekwisha kuanza, na lugha zetu nyingine zilichangia: ikulu ilitoka unyamwezini na usukumani, ambako lilikuwa boma la mtemi, baadaye Kihaya kilitoa ngeli kwa ajili ya sarufi. Mahakamani mambo yalikwenda polepole zaidi. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2021 ndipo Bunge likapitisha kwamba lugha ya sheria za nchi ni Kiswahili, miaka 54 baada ya agizo la Kawawa.

Miiko ya uongozi iliishi miaka 24. Kabla ya kuondolewa iliwafundisha watu tabia ya kunukuu. Mwongozo wa TANU ulipotolewa mwaka 1971, nao kwa Kiswahili, fungu lake la 15 lilikataza viongozi kuwa wajeuri na kuwadharau watu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walilishika fungu hilo kwa namba yake, wakaligomea na kuwafungia milango mameneja waliowatukana. Serikali ilishangaa. Mwaka 1991, huko Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ililegeza miiko, na kiongozi akaruhusiwa hisa, ukurugenzi, mishahara miwili na nyumba ya kupangisha. Uamuzi huo wa mwezi wa Februari haukutangazwa kwa matembezi. Wengi waliusikia kwa kuambiwa na wenzao, na Mwalimu, aliyekuwa amekwisha kung'atuka, aliuliza hadharani Azimio la Arusha lilikosa nini.

Jalada la kisima lina barua ya mwisho ya Desemba 1967. Haikutoka ofisini. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi, kwenye karatasi ya daftari la shule, kwa Kiswahili chenye makosa ya tahajia, nayo inataja tarehe za barua tatu za Serikali zilizotangulia na kuuliza kwa nini zinapingana. Ndiyo barua ya kwanza ya wanakijiji katika jalada zima. Chini yake pana alama saba za dole gumba.